Chuma cha Vitumbua

Wananiuliza habari za Japani
kana kwamba nimerudi na nchi nzima sandukuni.
Mwanajabu, jirani wa ukuta kwa ukuta,
kaja na mbuzi yake, kaketi uani kwangu akikuna nazi:
«Haya, Khayrati. Anza na mlima.»

Mlima sikuuona.
Shamsa mwanangu alinipeleka kwa treni
iliyoondoka kwa dakika iliyoandikwa,
haikumngoja hata yule aliyekimbia na mwavuli.
Tulipofika, wingu limeufunika gubigubi.
Tukaketi tukala mayai
yaliyochemshwa kwa maji ya moto ya ardhini,
maganda meusi kama tako la sufuria.
Nikauambia mlima: mwenzangu, hata mimi hujifunika.
Tumejuana.

Na maua nilikuta yamepukutika.
Mzee mmoja alikuwa akiyafagia,
polepole, kama hataki yaishe.

Ndiyo, viatu huvuliwa mlangoni. Hilo halikunishinda.
Lakini dukani, Kyoto, rafu ya chini,
niliona mitalawanda.
Mitalawanda, Mwanajabu!
Kama ile ya nyanya, ikigonga sakafu
toka msalani hadi ndani,
nasi watoto tukijua kaamka, tujifanye tumelala.
Muuzaji akataja bei. Nikairudisha rafuni.
Usiku mlio wake ukanikesha.

Mwani wanaula.
Ule ule unaotunasa miguuni maji yakipwa,
wao huukausha ukawa karatasi, wakafungia wali.
Nikala.
Kila sahani Shamsa aliuliza: ina nguruwe? ina kileo?
Siku mbili nzima nilikula wali mkavu
na achari ya embe niliyoibeba toka Langoni.
Binti wa hotelini akaomba kuonja,
akatokwa machozi,
akaomba tena.

Sasa sikiliza. Acha kukuna.

Osaka, usiku, kichochoro chembamba kama hiki chetu
(kila kona nilijibana ukutani kumpisha punda,
punda hakuja),
mwanamume kajifunga kitambaa kichwani
kasimama mbele ya chuma cha vitumbua.

Chuma cha vitumbua!
Vishimo vile vile, mafuta yakilia vile vile,
na katika kila kishimo, juu ya uji wa unga,
kipande cha pweza.
Pweza huyu huyu tunayemponda jiweni mpaka alainike,
maskini, hajaota siku moja
kwamba atalazwa ndani ya kitumbua.

Naye hageuzi kwa kijiko. Ana sindano mbili.
Anachoma ukingo, anazungusha, kinakuwa mpira.
Nilisimama hata Shamsa akaona haya.
Miaka thelathini na mmoja nageuza vitumbua kabla ya adhana,
mkono ukaniwasha.
Nikaunyoosha.
Akanitazama usoni, kisha vidoleni:
makovu ya moto yamekaa pale pale yalipokaa yake.
Akanipa sindano.

Cha kwanza kikapasuka.
Cha pili, usiulize.
Watu wakaanza kusimama, simu juu,
Shamsa akavuta buibui yangu: Mama, twende.
Cha tatu
kiligeuka.

Hatukuwa na neno hata moja la kuelewana.
Nikapekua mkoba nikampa hiliki, punje tano,
zile za kutafuna safarini.
Akanusa, akafumba macho,
akaita watu wa nyuma waje wanuse.

Mnaniuliza nilikula nini.
Nilikula kile cha tatu, papo hapo, kwa pupa,
kikaniunguza ulimi mpaka chai ya ndegeni haikuwa na ladha.

Na jana alfajiri, kwenye jiko hili,
bila kumwambia mtu, na sindano ya kushonea makuti,
nikajaribu.
Mtoto wa shule kaja na sarafu yake,
kauma, kasita, kakitoa mdomoni kukitazama:
«Bi Khayrati, mbona hiki kina mkono?»

Kinakusalimu, nikamwambia.
Itikia, ule.